Lebo ya Jina

Rekodi ya 4,117 ndiyo iliyokwama.
Saa tisa alasiri, Ngamiani, ghorofani juu ya duka la rangi,
harufu ya tina inapanda ngazi bila kubisha hodi.
Faili la XML la zahanati moja huko Pongwe,
miaka kumi na minane ya uzazi na chanjo,
lilikuwa linateremka kama maji, kisha programu ikagoma:
jina ni lazima, na hapa sioni jina.

Mbelwa hakuinua macho kwenye simu.
"Weka chochote," akasema. "Ndiyo desturi."

Juzi aliweka chochote.
Kila tarehe ya kufa iliyokuwa wazi
ikawa tarehe mosi Januari, mwaka wa kwanza,
na ripoti yetu ikawaua watu elfu tisa siku moja,
akiwemo mama mkwe wake
aliyepiga simu jioni ileile kumwagiza kisamvu.
Na watoto wa wiki ambayo mizani iliharibika
wakawa na kilo sifuri.
Sifuri ni jibu, Mbelwa.
Sifuri imepimwa.

Basi nikakaa, nikajifunza upya kusoma kisichokuwepo.
Kuna lebo ambayo haipo kabisa:
fomu ya mwaka ule haikuwa na mstari huo,
hakuna aliyeuliza, hakuna wa kulaumiwa.
Kuna lebo iliyofunguliwa ikafungwa papo hapo,
mlango na mlango, katikati hamna chumba:
mtu aliuliza, kalamu ikasita.
Na ipo iliyogongwa muhuri, *hakuna*;
huyo aliuliza, akajibiwa.
Mashine yangu ilikuwa inazimwaga zote ndoo moja.

Nikampigia Nesi Damari Semkiwa, mstaafu,
yuko Muheza, nyuma yake watu wanahesabu machungwa.
"Nisomee tarehe," akasema.
Nikamsomea.
Akanyamaza mpaka nikaanza kuionea uchungu vocha yangu.
"Mama yake alisema jina litatoka siku ya saba.
Nikaacha wazi. Sikusahau, mwanangu. Niliacha nafasi."
"Na siku ya saba?"
"Tazama lebo ya kufa."

Ilikuwa imejaa. Siku ya tano.

Niliporudi kwenye meza Mbelwa alishaandika HAJULIKANI,
herufi kubwa, kistari kinapepesa mwishoni.
Nikaifuta moja moja, kutoka I ya nyuma hadi H.
Anajulikana.
Alikuwa na kilo mbili nukta nane,
alichomwa chanjo bega la kulia,
na yuko mtu Muheza, kati ya matenga,
anayeijua siku yake bila kufungua daftari.

Nikaandika kanuni, fupi, kama ya kumwachia mtoto ufunguo:
ukikuta tupu, pokea tupu.
Ukikuta haipo, usiibuni.
Kimya usikifanye sifuri,
na sifuri usiinyamazishe.
Beba ulichopewa. Kilichofungwa wazi kifike wazi.

Saa kumi na moja na nusu, rekodi ya mwisho.
Hitilafu: hakuna. (Hiyo nayo mtu aliuliza.)
Mbelwa akasogeza kiti, akataka kuona
tumemwitaje yule.
Kwenye skrini, pale pa jina, palikuwa na kisanduku cheupe
chenye upana wa herufi ishirini.
Akakitazama. Akavaa kofia ya pikipiki, akaenda.

Usiku, nimeshalala, ujumbe ukaingia kutoka Muheza:
*Nimekumbuka. Wiki ile mizani ilikuwa mbovu.
Ile mbili nukta nane nilikisia,
nilimpima kwa mikono yangu.*

Nimeamka. Nimefungua kompyuta gizani.
Tuna lebo ya tupu, tuna lebo ya hakuna.
Ya mikono sijui niiweke wapi.